Saa Tano na Jumatano

Tamahou alichukua tufe la shule la mwanetu
na uzi wa sufu, rangi ya chungwa:
ncha moja akaibana Auckland kwa kidole gumba,
ncha ya pili nikaishika mimi, Santiago.
"Vuta," akasema. Nikavuta.
Uzi ukakataa kwenda kama ramani ya ukutani inavyodai,
moja kwa moja mashariki kama mtu aendaye sokoni;
ukateleza chini, chini, ukitafuta barafu,
ukatulia penye weupe mtupu
ambapo mchora tufe hakuwa na jina la kuandika.
"Ndiyo njia fupi," akasema mume wangu,
na mabega yangu yakaona baridi.

Kilomita elfu tisa na mia saba, kasoro chache.
Hiyo ni hesabu ya marubani.
Yangu mimi ni miezi saba ya zamu za usiku
nikipanga minofu ya samaki kwenye masanduku,
glavu mbili mbili, vidole vimekufa ganzi.
Hesabu ya dada yangu Nolfa ni maharage.
"Ukipaa naloweka," aliniambia kwenye simu,
"ukitua yameiva. Umbali wako ndio huo,
usinitishe na maelfu."

Nikapaa Jumanne, saa kumi na mbili jioni,
Januari, jua bado halina haraka ya kuzama.
Kwa Nolfa ilikuwa saa nane za usiku,
naye, mtu wa kulala na kuku,
aliamka, akawasha taa ya jikoni,
akamimina maji, akarudi kitandani.

Jirani yangu wa kiti: don Evaristo,
mkata manyoya ya kondoo, anarudi kwao Punta Arenas,
amevaa saa za mkono mbili, moja kila kifundo.
"Hii ya mke wangu," akasema, "na hii ya kondoo.
Ya mke iko nyuma siku zote, lakini sijawahi kuishinda."
Akalala kabla ya chakula.
Mimi nikakesha na ile ndege ndogo kwenye kioo,
inatambaa, haitambai,
juu ya maji yasiyo na hata kisiwa cha kutia nukta.
Saa kumi na moja.
Milo miwili, usingizi vipande vinne,
na mahali fulani, bila mlio wala tuta,
tukauvuka mstari, tukarudishiwa asubuhi
tuliyokwisha kuitumia.

Nikatua Jumanne. Jumanne ile ile.
Saa saba mchana.
Saa tano za bure! Nikazishika kama chenji
aliyokosea muuza duka, nikatoka upesi
asije akaniita.
Maharage yalikuwa mezani. Chumvi imezidi.
Nolfa alinitazama nywele, hakusema neno:
miaka tisa haimo katika ratiba ya ndege yoyote.

Lakini anga nalo lina daftari.
Wiki mbili baadaye nikaondoka, Jumanne, saa tano na nusu usiku,
nikashuka Auckland Alhamisi, alfajiri mbichi,
Tamahou kasimama na chupa ya chai.
Jumatano? Sikuiona hata kisogo.
Nilipewa saa tano, nikadaiwa Jumatano;
riba gani hiyo?
Nikampigia Nolfa, nikamlalamikia yeye
kana kwamba ndiye mwenye shirika.

"Ilikuwepo," akasema. "Ilipita huku.
Nilifua shuka zako. Hazikukauka, kulikuwa na mawingu.
Mkate nilinunua wa watu wawili, kwa mazoea,
nusu nikaula jioni, mgumu."
Akanyamaza. Nikasikia bomba lake la jikoni likitona.
"Kwa hiyo usiseme umeibiwa. Ninayo mimi.
Njoo uichukue."

Usiku ule ule nikavaa glavu.